Usile Chakula cha Chini ya Kilima

Abeli, mtani wangu,

Vitabu vyako wamevigawana kama mashati. Naanza na hili kwa sababu nakujua, ungeuliza habari za vitabu kabla ya kuuliza nani mzima na nani mgonjwa.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga, kwenu Mazinde. Baba yako mdogo, Mzee Petro, alitandika mkeka uani akaleta lile sanduku lako la bati. Unajua mambo yanavyokwenda: vitu vya marehemu wanagawiwa ndugu, kila mmoja apate cha kumkumbukia. Hukuwa mtu wa nguo. Mashati yaliisha, suruali zikaisha, aproni zako za jikoni zikachukuliwa na mtu ambaye hajawahi kupika hata uji, na chini kabisa wakakuta vitabu vitatu vinene vyenye migongo ya kijani. Mzee Petro alivipima mkononi kimoja kimoja. Hakuna aliyejua kwamba ile ni hadithi moja iliyokatwa vipande vitatu. Waliona vinafanana, wakamshukuru Mungu kwamba hapo hapatakuwa na ugomvi. Cha kwanza alikichukua mwenyewe. Cha pili akapewa shangazi yako Tatu, akaenda nacho Magoma. Cha tatu akapewa dada yako Roza, naye akarudi nacho Handeni kwa mumewe.

Mimi nilikuwa kule nyuma na majirani, nasugua sufuria kwa mchanga. Niliona yote. Rafiki hana fungu kwenye mgao, na sikudai.

Naandika hapa kibandani kwangu Kwamndolwa, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kigoda chako kipo palepale. Mteja akitaka kukikalia namwambia kina mguu mbovu. Hakina. Makochi yanaendelea, watu wanaoana, watu wanahamia nyumba mpya, wote wanataka makochi. Nimenunua redio ili kibanda kisiwe kimya. Inasema kutwa nzima, na sijui imesema nini.

Nakumbuka siku uliyokuja navyo. Kule hosteli ulikokuwa unapika walikuwa wanapaka rangi, na ile rafu ya vitabu vilivyoachwa na wageni ikaamriwa ikachomwe moto. Ukaokoa vitatu kwa kuwa vilifanana. Ulikuja na kamusi kwapani, na ukoko wa wali kwenye mfuko wa nailoni kama kawaida yako, ukakaa ukasema, "Sikiliza wewe mtumwa wangu, leo nakupeleka mahali." Kiingereza changu mimi kiliishia darasa la saba, na hata huko hakikufika chote. Basi ulisoma ukurasa mzima kimyakimya, midomo inacheza, kisha unafumba macho na kunisimulia kwa Kiswahili. Mimi napigilia, wewe unasimulia. Mteja akiingia tunanyamaza, tunajifanya tunabishana mpira. Tulivimaliza vyote, tukavianza upya, na kila ulipovirudia mwisho ulikuwa tofauti kidogo. Nilijua unaongeza chumvi. Sikukuuliza hata siku moja.

Majina ndiyo yalitushinda. Mtunzi alichota kwenye ngano za kale za Waairishi na Waskoti, na hao ndugu zetu jina moja wanaliandika kwa herufi kumi na kulitamka kwa mbili. Malkia wa chini ya kilima ukambatiza Mama Ukungu. Yule mpiga kinubi kipofu tulimwita Mzee wa Nyuzi. Farasi mweupe anayetembea juu ya maji tulimwita Shehe, kwa sababu alikuwa na makuu. Hata sasa nikimwona mtu mrefu mwenye maringo akipita barabarani, nageuka kukuambia kwamba Shehe huyo anapita. Nageukia kigoda.

Nazikumbuka sheria za kule, usidhani nimesahau. Usilale juu ya kilima chenye miiba iliyoota kwa duara. Usimshukuru mwenyeji, anachukia. Watu wa kule hawawezi kugusa chuma, na ndiyo maana ulisema mimi sitaingia kamwe, fundi gani anatembea na misumari mdomoni na mfukoni. Lakini ulinisomea pia kwamba mtu mwenye akili akiingia anachomeka kipande cha chuma pale mlangoni, na mlango haujifungi nyuma yake. Tena saa za kule si za huku. Mtu anaingia kucheza ngoma usiku mmoja, akitoka anakuta wajukuu wa wajukuu zake wamezeeka. Na kubwa kuliko zote: wakikutengea sahani, kataa. Ukionja chakula cha chini ya kilima hurudi kwenu. Hiyo tuliibishania sana. Wewe mpishi ulisema ni sheria ya kikatili, kwamba mgeni hawezi kuukataa wali wa watu. Nikakuambia basi wewe ndiye wa kwanza watakayempata.

Mama Zuhura, unamjua mke wangu ulimi wake, alikuwa akisema, "Wanaume wazima mnaota ndoto za Wazungu mchana kweupe." Na yule katekista wenu akakuonya kwamba hayo ni mambo ya mashetani na ya watu wanaokimbia maisha. Ulimjibu kwa adabu, nilikuwepo. Ulimwambia, "Mzee, mtu akibeba gunia kutoka sokoni, akalitua njiani apumue, gunia halijatoroka. Analibeba tena." Akaomba maji ya kunywa.

Mimi sikuwa na maneno mazuri kama hayo. Nilipenda tu mvua. Wiki zile jua la huku linapasua mbao na maji ya bomba yamekatika, wewe ulinifungulia nchi ambako mvua inanyesha taratibu tangu asubuhi hadi jioni, na vilima ni kijani, na hakuna anayeuliza umesoma mpaka darasa la ngapi. Kule mfua chuma anaogopwa na malkia. Nilitembea kule na misumari yangu nikijiona mtu. Na siku za ukungu, milima ya Usambara ikipotea yote mpaka miguuni, ulikuwa unasimama hapo mlangoni na kikombe cha chai unasema, "Leo wamefungua." Nilikuwa nacheka. Sasa hivi ukungu ukishuka nainamisha kichwa nafanya kazi.

Kuna jambo jingine nimelielewa juzijuzi tu. Kule kwenye kitabu, mtu akichukuliwa, kuna njia ya kumfuata. Ni njia mbaya, ina miiba, ina kikongwe wa kukudanganya darajani, lakini ipo, na inafika aliko. Nadhani hicho ndicho kilichotuweka pale miaka yote ile, wewe uliyemzika mama yako ukiwa mdogo, na mimi na yule mtoto wetu wa kwanza ambaye hatumtaji. Tulipenda nchi ambayo njia ipo. Huku nimeitafuta. Nimeona barabara ya Mombo tu, na mwisho wake ni kaburi lako.

Ulianguka jikoni. Walinipigia simu nikiwa na sponji kichwani, narudi dukani. Walisema presha. Walisema sufuria la wali lilikuwa bado motoni na hakuna aliyekumbuka kuliepua. Nilipofika ulikuwa umeshafunikwa, na jiko zima lilinuka ukoko.

Mtani, sasa lile jambo ninaloona haya kulitaja.

Babu yako alikuja manamba kutoka Tabora kukata mkonge, babu yangu alikuwa Mzigua wa Handeni, na utani wa watu wetu ni wa tangu enzi za misafara. Huo ndio uliotukutanisha mimi na wewe. Siku ya kwanza tu uliponiona uliniambia, "Mtumwa wangu, nani kakuruhusu kuvaa viatu?" Na msibani mtani ana kazi yake. Ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anaficha koleo la kufukia, anayasema ambayo ndugu hawathubutu, mpaka wafiwa wacheke na wapate nguvu ya kumeza tonge. Siku ya kuzikwa kwako niliona watu wananitazama. Hata Mzee Petro alinitazama. Nilikuwa na maneno tele, na mdomo haukufunguka. Ukafukiwa kimya, wewe, mtu ambaye hukuwahi kukaa kimya hata mahubirini.

Baada ya matanga nikakaa, nikaona siwezi. Nikasema nitavifuata vile vitabu. Sikujua nitavifanya nini, maana kusoma siwezi. Nilitaka tu vikae pamoja.

Nikaanza Mazinde. Mzee Petro ameweka cha kwanza kabatini, juu ya kitabu cha nyimbo, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukigusa. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kwamba ile ni hadithi moja, kwamba alichonacho ni kichwa bila kiwiliwili. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mwanangu Shabani, hiki ndicho kilichobaki kwangu cha mtoto wa kaka yangu. Nikikupa nitabaki na nini?" Nilipoinuka akaniuliza humo ndani kuna nini. Nikamsimulia kidogo, yule msichana anayemfuata ng'ombe wake mweupe ndani ya ukungu na kukuta mlango kwenye kilima. Akatazama juu, mlimani, muda mrefu. Akaniambia nisikawie kurudi.

Magoma nilimkuta Shangazi Tatu anapukuchua mahindi. Kitabu amekishonea mfuko kwa kipande cha shati lako la bluu, na analala nacho kando ya mto. Aliniuliza kama ni dua. Nikasema hapana, Shangazi, ni hadithi. Akasema hata hivyo. Sikuomba. Ningeanzaje? Nilimsaidia kupukuchua nikarudi Kwamndolwa.

Handeni nilikwenda nikiwa nimekata tamaa. Unajua kule kwa Roza, tambarare kavu, vumbi mpaka kwenye kope, maboma ya wafugaji na miiba. Roza amesoma kitabu chake chote, yeye Kiingereza chake kizuri kama chako. Akanitolea kiti, akanipa maziwa, na kabla sijasema lolote akaniambia, "Kaka Shabani, nasoma watu wanalia sana, na simjui wanayemlilia." Ndicho kitabu cha mwisho hicho, ameanzia mwisho.

Nikamweleza. Nilianza mwanzo kabisa, na mama mkwe wake, yule bibi wa Kimasai, akasogeza kigoda akataka atafsiriwe. Hakujali malkia wala farasi. Nilipofika kwa wale ng'ombe weupe wenye masikio mekundu wanaotoka ziwani, alinikatisha. Akauliza ni wekundu wa namna gani, wa udongo au wa damu. Akauliza wananyweshwa wapi. Akauliza yule msichana aliyefuata ng'ombe hadi chini ya kilima anaitwa mjinga na nani, maana kwake mtu anayemfuata ng'ombe aliyepotea mpaka popote ni mtu mwenye akili. Abeli, tumesoma vitabu vile miaka mingi, wewe na kamusi yako, na hatukuwahi kumwona yule msichana hivyo. Nilitamani kukuambia palepale. Nilishika simu kabisa.

Niliposema nia yangu, kwamba nimekuja kuomba kitabu, Roza alikunja uso. Akasema, "Wewe ni mtani wake. Mtani anaomba tangu lini? Mtani ananyakua." Kisha akasema taratibu kwamba kaka yake alizikwa kama mtu asiye na watani, na kwamba ndicho kinachomkosesha usingizi. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Jumamosi iliyopita tulikuja Mazinde kukuwekea msalaba. Roza alikuwa amewatumia ujumbe wote waje na vitabu, akasema atawaeleza kwa nini. Msalaba ni wa zege, jina lako limeandikwa vizuri, na asubuhi ile milima ilikuwa imefunikwa yote. Katekista aliomba, wakaimba, wakataka kutawanyika. Nikapanda juu ya lile rundo la udongo lililobaki pembeni. Nikashika kiuno kama ulivyokuwa unashika wewe ukingojea wali uive, nikatoa tumbo mbele, na wale wanaokujua wakaanza kunong'ona.

Nikasema, "Ndugu wafiwa, mnamlilia mlafi. Manamba huyu nilimwonya mwenyewe. Nilimwambia, Abeli, ukifika kule chini ya kilima ukatengewa sahani, kataa, maana aliyeonja chakula cha kule harudi. Tumelisoma hilo pamoja, mpaka ukurasa umechakaa. Sasa tazameni. Amekula. Na ninavyomjua mtumwa wangu, ameomba na ukoko."

Nikaona nimeharibu. Kisha Roza akacheka. Alicheka akishika tumbo, akakaa chini kwenye nyasi. Shangazi Tatu akafuata, analia na kucheka kwa pamoja, anasema ni kweli, tangu mtoto alikuwa anakwangua sufuria. Mzee Petro alivua kofia akajifunika uso, mabega yanacheza. Na mimi ndipo nikalia, mtani. Nililia mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza, juu ya udongo, nimeshika kiuno.

Nilipopata nguvu nikanyakua. Nilivichukua vitabu vyote vitatu mikononi mwao nikavikalia kwenye mkeka wa wafiwa, nikasema sivitoi mpaka wavikomboe. Wakaanza kupapasa mifuko, si unajua desturi. Nikakataa. Nikasema fidia yangu ni wakae wasikilize. Basi walikaa, nikavitoa. Roza akafungua cha kwanza, akasoma kwa Kiingereza polepole, mimi nikawa nasimulia kwa Kiswahili, na pale nilipokumbuka chumvi yako niliiweka. Vitabu vilikuwa vimekaa pamoja, vitatu, magotini mwa watu wa kwenu, na msichana akaingia ukunguni. Tulifika mlangoni mwa kilima tu, chakula kikawa kimeiva.

Jioni nilivirudisha. Cha Mazinde kikabaki Mazinde, cha Magoma kikaenda Magoma. Roza akapanda gari na chake. Mimi nikarudi Kwamndolwa mikono mitupu, na nikikuambia sikuumia nitakuwa mwongo. Nyumba ilikuwa kimya, Mama Zuhura alikuwa amelala. Niliingia kibandani nikakaa kwenye kigoda chako. Kiko imara sana.

Jambo moja sikuwaambia. Wakati wengine wanakula nilirudi kaburini peke yangu, nikatoa msumari mfukoni, ule mrefu wa kupigilia fremu, nikauchomeka ardhini kichwani pako, mpaka kichwa chake kikazama. Katekista aliniona akaniuliza nafanya nini. Nikasema utani. Wewe unajua ni wa nini. Ule mlango usijifunge.

Sasa nakuaga. Nitakwenda Mazinde kila panapokuwa na nafasi, nimsomee Mzee Petro kwa kichwa, kwa kuwa ameshaniambia hawezi kufa bila kujua kama yule ng'ombe alipatikana. Magoma nitakwenda. Handeni bibi ananisubiri, ana maswali mengine kuhusu maziwa ya ng'ombe hao. Hadithi yako nitaibeba hivyo, kipande huku na kipande kule, mpaka miguu ichoke. Hiyo ni ahadi ya mtani, na unajua mtani akikuahidi kitu bila utani amemaanisha.

Na wewe usinihurumie kwa upweke huu. Umenisomea mwenyewe kwamba huko usiku mmoja ni miaka mia yetu. Miaka nitakayokaa hapa na redio hii, kwako ngoma haitakuwa imefika hata katikati. Utageuka tu kuchukua kikombe, utaniona mlangoni natoa misumari mfukoni.

Mwambie Mama Ukungu asinitengee sahani bado.

Mimi mtumwa wako,
Shabani